Nilivyosafisha kompyuta ya dada yangu bila kufuta Windows

Kompyuta ya dada yangu ilijaa matangazo na programu asizozitaka, nikauliza watu nifanyeje. Kila aliyeulizwa alikuwa na jibu moja: "Piga Windows upya." Fundi mmoja akaongeza kwamba programu za bure zote ni vairasi, heri kununua. Sikukubaliana nao hata kidogo, na leo kompyuta ya dada yangu inafanya kazi vizuri, picha na mafaili yake yote yamo.

Dada alitaka VLC tu, aangalie video. VLC ni ya bure kweli: iko chini ya VideoLAN, shirika la Ufaransa lisilotafuta faida, na msimbo wake uko wazi. Ila alipoitafuta, kiungo cha juu kabisa kilikuwa tangazo la tovuti nyingine, iliyoifungasha VLC pamoja na vitu vyake: kivinjari kipya, "kiongeza kasi", upau wa kutafutia, vyote vimeshawekewa tiki. Pesa iko hapo. Mwenye tovuti ya namna hiyo hulipwa kwa kila kompyuta inayoingiziwa vitu hivyo, na anayemlipa hurudisha gharama zake kwa kukubadilishia ukurasa wa kutafutia na kukumwagia matangazo.

Niliviondoa kwenye orodha ya programu. Vikatoka. Nikazima, nikawasha, upau ukarudi. Nikafuta viendelezi vya kivinjari. Ukarudi tena, sasa kwa jina jingine! Antivairasi kimya. Mchawi nilimkuta ndani ya Task Scheduler, sehemu ya Windows inayoendesha kazi zenyewe kwa ratiba: kazi yenye jina la kufanana na mambo ya Windows, lakini faili linaloendeshwa na kazi hiyo lilikuwa ndani ya AppData, folda ambayo programu huweza kujiweka bila kuomba ruhusa ya msimamizi. Kila dada akiingia, linapakua takataka upya. Basi nikakata intaneti kwanza, nikafuta kazi ile, nikafuta folda yake, ndipo nikaondoa programu zenyewe. Mpangilio ndio siri. Ukianza na programu utafuta hadi kesho. Angalia na proksi pia, yaani kompyuta ya kati ambayo intaneti yako hupitia. Ya kwake ilikuwa imebadilishwa, maana yake kila ukurasa aliofungua ulipitia kwa mtu asiyemjua. Nenosiri za barua pepe na benki tulizibadilisha kwa kutumia simu.

VLC nikaichukua videolan.org na kulinganisha SHA-256 yake, alama ya utambulisho wa faili, na ile iliyoandikwa kwenye tovuti, kwa amri ya Windows iitwayo certutil: herufi na tarakimu 64, zote zilingane.

Hata hivyo tovuti rasmi si kinga kamili. Mwaka 2017 CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, toleo la 5.33 lilitoka kwa watengenezaji wenyewe, lina saini yao halali, na ndani limebeba programu hasidi. Lilifika kwenye kompyuta zaidi ya milioni 2. Mwaka 2024 ikawa zamu ya XZ Utils, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux duniani, iliyotunzwa kwa miaka na mtu mmoja anayejitolea, amechoka. Aliyejiita Jia Tan akajifanya msaidizi, akaaminiwa, akapenyeza mlango wa siri. Mhandisi wa programu Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, kulichelewa kama nusu sekunde, akachimba. Mzigo wa ulimwengu mzima ulibebwa na mtu asiyelipwa, na jambo hilo linaniuma kuliko vairasi vyote.

Kwa hiyo programu huria ninazozitegemea nazichangia, kidogo kidogo. Dada naye sasa anatumia akaunti isiyo ya msimamizi. Kitu kikidai nenosiri la msimamizi, ananipigia kwanza.