Ninavyokadiria asilimia na wastani wa watu wote kutoka kwenye sampuli

Nikipokea faili la data ya utafiti wa kaya, majibu yenyewe huwa nayaacha kwanza. Natafuta safu tatu: tabaka ambalo kaya imetoka (kundi ambamo kaya ziligawanywa kabla ya kuchagua, kama mjini na vijijini), eneo la kuhesabia lililochaguliwa (sehemu ndogo iliyotengwa kwa ajili ya sensa), na uzito wa kaya. Zikikosekana, namrudia aliyepanga sampuli anieleze kaya zilipatikanaje, hatua kwa hatua. Bila hayo, asilimia nitakayotoa itawahusu waliohojiwa peke yao, na utafiti haukufanywa kwa ajili ya kuwajua hao tu.

Uzito ni 1 ukigawanywa kwa nafasi ya kaya kuchaguliwa. Kaya iliyokuwa na nafasi moja katika 400 inawakilisha kaya 400. Sampuli ikiwa ya hatua mbili, nafasi ya eneo kuchaguliwa inazidishwa kwa nafasi ya kaya kuchaguliwa ndani ya eneo hilo. Wengi huteleza kwenye hatua ya pili. Tuseme sensa ilionyesha kaya 100, lakini orodha mpya iliyoandaliwa kabla ya mahojiano ikapata 140, na 20 zikachaguliwa. Nafasi ya hatua ya pili ni 20/140. Ile 100 ya sensa inabaki kwenye hatua ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyotumika kulichagua eneo. Ukiitumia pia kwenye hatua ya pili, maeneo yanayokua haraka yatapunjwa uzito.

Huu hapa mfano ninaopenda kuutumia. Mjini kuna kaya 200,000 na vijijini 800,000. Kila upande umehojiwa kaya 600, kutoka maeneo 30 yenye kaya 20 kila moja. Mjini asilimia 70 wana maji ya bomba, vijijini 25. Ukihesabu safu kama ilivyo unapata asilimia 47.5. Lakini mjini ni sehemu ya tano tu ya kaya zote: 0.2 × 70 + 0.8 × 25 inakupa 34. Kwa uzito wa kila kaya (333.3 mjini, 1,333.3 vijijini) jibu ni hilohilo: jumla ya uzito wa wenye bomba, gawanya kwa jumla ya uzito wote.

Waliokataa au kukosekana pia lazima waingie kwenye hesabu. Nagawanya uzito kwa kiwango cha waliojibu katika kila eneo au kundi. Kama 16 kati ya 20 walijibu, uzito unagawanywa kwa 0.8. Marekebisho haya yanachukulia kwamba waliokosekana wanafanana na majirani waliojibu. Wasipofanana, wingi wa dodoso hausaidii. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za kura ya maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon angeshinda urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48.

Sasa kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi kadirio lingeyumba kutoka sampuli moja hadi nyingine. Ndiyo sehemu ninayoikuta imekosewa kuliko zote. Kanuni ya darasani, kipeuo cha pili cha p(1−p)/n, ambapo p ni sehemu ya wenye sifa inayotafutwa na n ni idadi ya waliohojiwa, inafaa sampuli nasibu ya moja kwa moja. Kaya 20 za eneo moja hazikupi taarifa za kaya 20 zilizotawanyika, maana bomba likipita mtaani, karibu wote wanalo. Kadirio la haraka la athari ya muundo wa sampuli ni 1 + (m−1)ρ, ambapo m ni idadi ya kaya kwa eneo na ρ ni kiasi cha kufanana kwao. Kwa m = 20 na ρ = 0.05 tu, athari ni 1.95, yaani tofauti (kwa Kiingereza variance, mraba wa kosa sanifu) inakaribia kuzidishwa mara mbili. Kwa maji, umeme na barabara, ρ huwa kubwa zaidi ya hapo. Kwa jinsia ya mtu huwa karibu na sifuri. Kwa hiyo athari ya swali moja usiihamishie swali jingine.

Turudi kwenye mfano. Tofauti ya kila tabaka inazidishwa kwa mraba wa sehemu yake: 0.04 × 0.7 × 0.3/600, kujumlisha 0.64 × 0.25 × 0.75/600. Jumla ni 0.000214. Zidisha kwa 1.95, chukua kipeuo cha pili, unapata 0.0204. Kizidisho cha uhakika wa asilimia 95 nakitoa kwenye jedwali la t, kwa idadi ya maeneo kutoa idadi ya matabaka: 60 − 2 = 58, sawa na 2.00. Mipaka ni asilimia 29.9 hadi 38.1. Asiyejali uzito wala maeneo angeandika 44.7 hadi 50.3, mipaka myembamba inayovutia macho na isiyogusana hata kidogo na ile sahihi.

Kazi yenyewe naifanyia Stata au R, baada ya kuieleza programu matabaka, maeneo na uzito. Tabaka lenye eneo moja tu halitoi kosa sanifu. Naliunganisha na tabaka linalofanana nalo kwa mpango wa sampuli, na uamuzi huo naufanya kabla ya kuona matokeo. Nikitaka wanawake peke yao, siwafuti wanaume kwenye faili. Ukiwafuta, maeneo yasiyo na mwanamke wa kundi hilo yanapotea na hesabu ya tofauti inaharibika. Katika Stata kuna chaguo la subpop, la kukadiria kundi moja bila kufuta wengine. Katika R unakata muundo uliokwisha kuuelezea, sio faili.

Asilimia ndogo zina kanuni yake. Watu 2 kati ya 150, kwa njia ya kawaida, wanatoa mpaka wa chini wa asilimia −0.5, jambo lisilowezekana. Njia ya Wilson, ya mwaka 1927, ambayo mipaka yake haishuki chini ya sifuri, inatoa asilimia 0.4 hadi 4.7. Asipopatikana hata mmoja, mpaka wa juu ni takriban 3/n: kwa 150 ni asilimia 2. Kwa sampuli ya maeneo, n hiyo igawanywe kwanza kwa athari ya muundo.

Kwenye hesabu ya wastani, naanza na namba zinazoandikwa badala ya jibu la "sijui", kama 99. Watoto 490 wenye wastani wa miaka 6, wakichanganywa na 10 walioandikiwa 99, wanatoa wastani wa 7.86. Kisha nauliza: wastani wa nani? Chukua kaya tatu zenye uzito sawa, za watu 2, 3 na 10, zinazotumia 90, 80 na 20 kwa kila mtu. Wastani wa kaya ni 63.3. Wastani wa watu, uzito ukizidishwa kwa ukubwa wa kaya, ni 41.3. Zote mbili ni sahihi, ila zinajibu maswali tofauti, na kichwa cha jedwali lazima kiseme ni ipi. Kwa matumizi na mapato naweka pia kati (median, thamani ya katikati zote zikipangwa kwa ukubwa), kwa kuwa kaya chache tajiri huuvuta wastani juu. Thamani kubwa mno naitafuta kwenye dodoso kwanza. Ikiwa ni ya kweli, inabaki.

Kwenye jedwali la mwisho naandika desimali moja tu, mipaka yote miwili, na idadi halisi ya waliohojiwa kabla ya uzito. Kundi la watu 25 hadi 49 naliweka kwenye mabano. Chini ya 25, nafasi inabaki na nyota bila namba, hata kama aliyeagiza utafiti anaisubiri kwa hamu.