Nilivyobadilisha nozeli za mashine ya kuoshea magari, pampu ikabaki ilivyo

Malalamiko ya wateja yalikuwa yaleyale: gari linatoka kwenye mashine boneti inang'aa, ila chini ya milango na kwenye ringi tope lipo palepale. Vijana wakawa wanamalizia kwa ndoo na kitambaa, na wateja wakaanza kuuliza, kwa haki kabisa, wanalipia mashine ya nini.

Mashine ninayoisimamia hapa Dar es Salaam ni ile ambayo gari linasimama na yenyewe inatembea juu ya reli kwenda na kurudi. Kila upande ina bomba la wima lenye nozeli sita, yaani vichwa vidogo vya kurushia maji, na nyingine ziko kwenye bomba la juu. Kabla brashi hazijagusa gari, nozeli za pembeni zinapiga maji ya presha kulegeza tope. Hatua hiyo ikilegea, brashi inaburuza mchanga juu ya rangi ya gari la mtu, na mikwaruzo yake huonekana jua likiwaka. Kwa hiyo sikuwa tayari kuliacha lipite.

Geji ilitakiwa isome bar 70. Ilikuwa inagota kwenye 50.

Fundi wa pampu aliitwa, akasikiliza ngurumo, akatikisa kichwa. "Mzee, sili za pampu zimekwisha. Tushushe tufungue." Bosi akanigeukia. Nikamwambia, "Bosi, naomba unipe mpaka kesho mchana kabla hatujaifungua."

Nilikuwa na sababu. Pampu ikiwa na tatizo la valvu au ikivuta hewa, sindano ya geji hutetemeka. Yetu ilikuwa imetulia tuli, ila imetulia chini. Tena sili ni za kuzuia maji yasivuje, na pampu haikuwa inavuja hata tone. Pampu za pistoni kama hii zinasukuma maji kiasi kilekile kila mzunguko; presha inatokana na udogo wa tundu ambalo maji hayo yanalazimishwa kupita. Tundu likitanuka, presha lazima ishuke, hata pampu ingekuwa imetoka kwenye boksi leo. Na inashuka kuliko mtu anavyotarajia: nozeli ikipitisha maji zaidi kwa asilimia 10, unapoteza presha asilimia 17 hivi. Ikifika asilimia 20, imeondoka karibu theluthi.

Shida ni kwamba tundu lililotanuka kiasi hicho halionekani kwa macho. Niliweka nozeli ya zamani na mpya moja niliyokuwa nayo kiganjani, nikazipeleka juani, sikuona tofauti yoyote ya kumshawishi bosi. Nikatafuta kipimo cha kuonekana: nikaunganisha mpira kwenye bomba la tenki letu la mnarani, nikafunga nozeli mpya mwisho wa mpira, nikakinga chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ilijaa kwa dakika mbili na sekunde saba. Nikaifungua, nikafunga ya zamani, bomba lilelile, chupa ileile: dakika moja na sekunde arobaini na sita. Bosi alikuwa ameshika simu anahesabu mwenyewe. Hapo maneno ya sili yakaisha.

Kilichozila nozeli zile kinajulikana. Tunatumia maji ya kisima, na visima vingi vya huku pwani vina chumvi na vinakuja na mchanga laini. Nozeli zilikuwa za shaba njano, laini mno kwa mchanga unaopita kwa kasi ile. Na chujio la kabla ya pampu lilikuwa na wavu uliochanika pembeni.

Kununua kulitaka kusoma namba. Zetu zimeandikwa 1504. Hiyo 15 ni digrii za upana wa feni, yaani maji yanavyotanuka yakitoka, na 04 ni ujazo: galoni 0.4 za Kimarekani kwa dakika kwenye presha ya PSI 40, yaani kama lita moja na nusu. Ukiipeleka kwenye bar 70 inakuwa lita 7.6 hivi kwa dakika. Zidisha kwa nozeli kumi na mbili za pembeni, unapata lita 91, na kibati cha pampu yetu kimeandikwa karibu na hapo. Ukiweka namba ndogo ili upate presha kubwa, maji ya ziada yanarudishwa tu na valvu ya presha, na umeme umeshaulipia.

Eneo la Gerezani hapa Dar, duka la tatu ndiyo nilizipata za stenlesi, bei zaidi ya mara mbili ya zile za shaba. Nikamuuliza kijana wa dukani, "Kaka, hizi nyuzi zake ni za Kiingereza au za Kimarekani?" Akajibu, "Zote robo inchi, funga tepu nyingi tu itashika." Haitashika. Robo inchi ya Kiingereza ina nyuzi 19 kwa inchi, ya Kimarekani ina 18, na mteremko wa meno yake si mmoja. Nilikuwa nimebeba kikombe cha nozeli, yaani mahali inapofungwa, kilichokatwa kwenye bomba bovu, nikajaribia papo hapo kaunta. Ya kwanza iliingia mizunguko michache ikakaba. Akaleta pakiti nyingine, ikaingia laini kwa vidole. Nikachukua hizo, na moja ya ziada.

Kazi yenyewe tuliifanya usiku baada ya kufunga. Breka chini, na ufunguo wa kisanduku cha umeme mfukoni mwangu. Kisha tukafungua bomba la kutolea maji ili presha iliyobaki itoke. Hili silifanyii mzaha: maji ya presha hii yanatoboa ngozi, kidonda kinaonekana kama kachomwa na mwiba, kumbe maji yameingia ndani pamoja na uchafu. Mtu akipigwa, ni hospitali saa ileile.

Nozeli zilikuwa zimeng'ang'ania kwa ukoko wa chumvi. Spana mbili zinahitajika, moja inashika kikombe, nyingine inazungusha, la sivyo unapinda bomba zima.

Zote zilipotoka, sikufunga mpya kwanza. Tuliwasha maji ya kawaida bila pampu, yapite kwenye mabomba matupu. Yakatoka vipande vya kutu, mchanga, na vijipande vya tepu nyeupe vya fundi fulani wa zamani. Vyote vingeingia kwenye nozeli mpya. Tepu yangu niliianzia uzi wa pili ili isining'inie ndani.

Kila nozeli ina mfereji mdogo usoni, nao unaonyesha feni italala upande gani. Kwenye bomba la wima mifereji yote inatakiwa ifuate bomba, halafu uizungushe kidogo, digrii kama 10, zote upande mmoja. Feni zinapishana bila kugongana hewani. Ukizinyoosha sawasawa na bomba, maji ya jirani wawili yanakutana na kuuana nguvu, na ubavuni mwa gari unabaki mstari wa tope.

Kabla ya kuwasha pampu nililegeza valvu ya presha. Wakati geji inashuka, kuna mtu alikuwa ameikaza kutafuta presha iliyopotea. Ungewasha na nozeli mpya ikiwa imekazwa vile, presha ingepanda kupita kiwango na kupasua mpira. Niliiwasha chini, nikapandisha polepole hadi 70, nikaacha hapo.

Chujio tumebadilisha wavu, na linaoshwa kila asubuhi. Nozeli ikiziba kwa chumvi tunailoweka kwenye siki na kuisugua kwa mswaki. Waya na sindano nimezipiga marufuku, maana zinakwaruza tundu na feni inapinda. Ile nozeli ya ziada iko kwenye droo yangu, haifungwi kwenye mashine. Kazi yake ni kulinganishia kwa chupa.

Safu ya juu bado ni za shaba. Bosi amesema zisubiri mwisho wa mwezi.