Kaka la yai njiani Singida

"Kaka, panda, tunaondoka sasa hivi!" Konda alinipokonya begi kabla sijajibu. Kaka mara tatu, nauli 25,000. Jirani yangu aliyepanda nyuma yangu alilipa 18,000. Na hiyo "sasa hivi" ikawa saa moja na nusu, jua la Dodoma linapiga kiooni.

Tulishaipita Bahi, Kintinku bado, tairi la nyuma likapasuka. Spea haina upepo. Tukateremka na kujibanza chini ya mbuyu, saa tatu nzima.

Akaja kijana na ndoo ya mayai ya kuchemsha, elfu moja moja! "Kaka, chukua, chumvi na pilipili ipo." Njaa haina ubishi, nikala mawili. Abiria mmoja, mwalimu kutoka Sweden, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha miezi minne: mbona hapa kila mwanamume ni kaka? Kwao kaka ni keki, au biskuti ya kunywea kahawa. Na Hispania, akasema huku akishusha sauti, caca ni kinyesi, neno la watoto wadogo. Nikamwambia kwamba Wagujarati wenye duka kwetu Ngamiani, Tanga, walimwita kaka ndugu wa baba yao. Utotoni nilishangaa mzee mwenye mvi vile kuwa kaka wa watoto wa rika langu.

Mama mmoja mwenye lafudhi ya pwani akamgeukia: "Mwanangu, kaka hilo usilitupe hapo, watu wamekaa."

Mgeni akanitazama mimi, kisha kiganja chake. Nusu ganda la yai, ngozi yake nyembamba bado imeng'ang'ania ndani, chembe za chumvi pembeni. Mama akamweleza taratibu: kaka ni ganda tupu, la yai au la chungwa. Akainua kidole: na uvimbe wenye usaha penye ukucha, huo nao ni kaka.

Moyo ulinishtuka. Neno hilo sikulisikia tangu bibi yangu afariki. Dar ninakofanya kazi wote tunasema ganda, na kaka tumewaachia makonda. Alipopita wetu akisema, "Kaka zangu, tairi liko njiani," nililiona kabisa kaka lenyewe: nje jeupe, ndani hamna kitu.

Nyumbani kwetu kaka ni mmoja. Hatumtaji jina, wala hatukai kabla hajakaa. Alipopangiwa kazi Singida, ilinichukua miaka miwili kumtembelea, kisingizio changu nauli.

Manyoni tulipita gizani. Singida tuliingia saa tatu usiku na ushee, upepo unakata masikio. Alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake nje ya stendi, koti limefungwa hadi shingoni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekula?"