Mjomba, Manchester na Wali na Vitatu

Ukimuuliza mtu aliyewahi kuishi Manchester mahali pa kula, hasa ukiwa Mwislamu uliyetoka pwani yetu, atakujibu kabla hujamaliza swali: nenda Curry Mile. Nimeambiwa hivyo na wanafunzi wenzangu, na dereva wa teksi, na hata na bwana mmoja wa Dar es Salaam ambaye, nilipombana, ilidhihirika kwamba alipita hapo ndani ya basi tu. Ushauri huo si uongo, lakini ni nusu ya ushauri, na nusu iliyobaki niliilipia kwa pauni zangu mwenyewe Mjomba alipokuja kunitembelea kutoka Muscat.

Mjomba ni mzaliwa wa Unguja aliyehamia Omani tangu ujana wake, na kwake chakula ni jambo la heshima. Hagusi nyama isiyo halali, haketi mahali panapouzwa pombe, na hali chakula cha usiku kabla ya kuswali Magharibi. Alikuja mwezi wa Juni, wakati ambapo jua la kaskazini mwa Uingereza halina haraka na Magharibi yenyewe huingia karibu saa nne usiku, saa ambayo majiko mengi ya katikati ya mji yameshazimwa na wapishi wanapiga deki. Kwa hiyo, kwa upande wa usiku, wale washauri wangu walikuwa sahihi bila kujua sababu: Curry Mile hukesha.

Mtaa huo ni sehemu ya barabara ya Wilmslow Road, katika eneo la Rusholme, kusini kidogo ya vyuo vikuu. Jina linasema maili lakini urefu wake haufiki hata maili moja. Ulianza kwa vyakula vya Kihindi na Kipakistani, kutokana na wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliohamia mji huu baada ya Vita Vikuu vya Pili. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba mtaa umebadilika. Leo sehemu kubwa imeshikwa na Wakurdi, Waafghani, Wasyria na wauza shisha, na anayekutuma huko ukale kari kwa kawaida anakutuma kwenye mtaa wa miaka ya nyuma.

Usiku wa kwanza nilifuata maelekezo niliyopewa, yaani niingie penye taa nyingi kuliko pengine pote. Mlangoni alisimama kijana wa kuvutia wateja, aliyemwamkia Mjomba kwa salamu ndefu ya Kiarabu na kumshika mkono hadi mezani. Orodha ya vyakula ilikuwa nzito kama msahafu wa shule, yenye kurasa za picha, na Mjomba, kwa kuwa ni Mzanzibari, akaagiza biriani. Ililetwa baada ya muda mrefu ikiwa na mchuzi wa mboga katika kibakuli cha pembeni. Mjomba aliuchambua wali kwa ncha ya uma, akaunusa, kisha akasema kwa upole wa mtu aliyekasirika sana, "Mwanangu, huu ni wali wa jana uliokaangwa na rangi." Na kweli, ndivyo migahawa mingi ya aina hiyo inavyoifanya: wali uliokwisha kupikwa hukaangwa pamoja na nyama kwa dakika chache, wala hakuna masala yaliyolala na nyama wala zafarani. Bili ilipokuja ilikuwa na asilimia kadhaa za huduma zilizoongezwa chini kabisa kwa maandishi madogo. Hapo ndipo nilipojikomboa kidogo, maana palikuwa pameandikwa kwamba malipo hayo ni ya hiari. Nikamwomba mhudumu ayaondoe. Aliyaondoa bila ubishi, ingawa yule kijana wa mlangoni hakutuaga.

Nilirudi nyumbani na hasira, nikakitazama kile kitu ambacho kila mpangaji hapa anakijua lakini hakuna aliyenikumbusha. Halmashauri hukagua usafi wa kila jiko na kutoa alama kuanzia 0 hadi 5, nazo hubandikwa mlangoni kwa kibandiko cha kijani na nyeusi. Ujanja uko hapa: Wales na Ireland Kaskazini sheria inamlazimisha mwenye mgahawa kukibandika, lakini hapa England haimlazimishi. Basi mwenye 5 hukiweka machoni pa watu, na mwenye 2 hukisahau. Alama zote zipo wazi kwenye mtandao wa Wakala wa Viwango vya Chakula, na kuzitafuta ni kazi ya nusu dakika. Pale penye taa palikuwa na 2. Tangu usiku ule sikutazama tena nyota ambazo wateja huzigawa mtandaoni, kwa sababu mtu huzigawa hata kwa uzuri wa viti.

Usiku uliofuata tulishuka basi la njano mwisho wa mtaa uleule, kwa nauli ya pauni mbili, tukatembea hadi nilipoona muokaji dirishani. Hiki ndicho kipimo changu na ninakitoa bure. Katika mgahawa wa Kiafghani au wa Kikurdi unaojiheshimu, mkate hauletwi kwenye mfuko. Kuna mtu anayesimama mbele ya tanuri akiutandaza unga mpaka unakuwa mrefu kama mkono wake, akiulaza juu ya kimto cha kitambaa na kuubamiza ukutani ndani ya tanuri, kisha baada ya muda mfupi anauopoa kwa fimbo mbili za chuma. Mjomba aliacha kuzungumza. Tuliletewa mkate wa moto, mishikaki ya kondoo, na pilau yao yenye karoti na zabibu kavu, ambayo aliionja kwa mashaka akidai kwamba sukari haina kazi katika pilau, na akaimaliza. Tulikula watu wawili tukashiba kwa takriban nusu ya fedha za ile biriani, na hapakuwa na pombe wala haja ya kuiulizia.

Mchana ni habari nyingine, na hapa ndipo ninapojisifu. Katikati ya mji, kwenye vichochoro vya eneo linaloitwa Northern Quarter, kuna vijimgahawa ambavyo msingi wake ni chakula cha wafanyakazi wa maghala na karakana za nguo: wali na vitatu. Unachukua trei, unapewa sahani ya wali, unachagua aina tatu za mchuzi kutoka kwenye masufuria yaliyo mbele yako, vyote vinarundikwa pamoja, unalipa pauni saba au nane hivi na kwenda kuketi. Ni mama ntilie, ila juu yake kuna paa na mvua ya Manchester. Kinachojulikana zaidi ni This & That, katika kichochoro cha Soap Street, kilichoanza mwaka 1984, na mtu anaweza kupita barabara ya jirani mwaka mzima asikione. Mchuzi hubadilika kufuatana na siku, kwa hiyo usiende na kichwa chako umeshachagua. Mjomba alichukua kondoo wa mifupa, dengu na spinachi kwa mbatata, akasukuma uma pembeni na kula kwa mkono, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Enda saa sita kamili, kabla wafanyakazi wa ofisini hawajatoka.

Kutoka hapo nilimpeleka kwa miguu hadi Granby Row, nikiwa nimemficha sababu. Hapo pana chupa kubwa ya mbao iliyozungukwa na matunda, ukumbusho wa kinywaji cha Vimto, ambacho John Noel Nichols alikitengeneza hapohapo mwaka 1908 kama kinywaji cha kutia nguvu mwilini, wakati wa vuguvugu la kupinga ulevi. Kwa mtu wa Ghuba, futari ya Ramadhani bila Vimto ni futari iliyopungua, na Mjomba ameinywa miaka yote akiamini ni kitu cha Waarabu. Alibisha. Alisoma kibao mara mbili, akapiga picha, akazituma Muscat kwa shangazi, akapigiwa simu na kubishiwa yeye. Nikamnunulia kopo dukani. Akanywa, akatangaza kwamba Waingereza wameiharibu kwa maji, na ile ya Ghuba ndiyo yenyewe.

Chinatown nilipita naye chini ya tao lake tu, kwani nyama ya nguruwe ilikuwa ikining'inia katika madirisha karibu yote.

Kilichobaki kilikuwa samaki na chipsi, ambacho Mjomba alikuwa amekidai tangu uwanja wa ndege. Hapa watu wengi wa kwetu huteleza, maana hudhani samaki hana tatizo. Kaskazini mwa Uingereza, na hasa ukivuka kwenda Yorkshire, maduka kadhaa bado hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe, na wengine hutia bia katika uji wa ngano wa kumvika samaki. Uliza maswali yote mawili kabla hujafungua pochi. Maduka mawili ya kwanza yalituangusha, moja kwa mafuta na la pili kwa bia. La tatu mwenyewe aligeuza ndoo ya mafuta ya mimea ili tusome maandishi. Mjomba alitoa mfukoni kichupa cha achari ya ndimu aliyoivusha kutoka Omani, akaimwagia siki ya duka dharau kubwa, akala samaki wote, kisha akarudi dirishani peke yake, kwa Kiingereza chake, kuagiza kibakuli cha pili cha njegere za kupondwa.