Kabla hujarusha picha ya mtoto yule

Nawezesha mafunzo ya haki za binadamu kwa vijana hapa Mbeya, na ratiba ikibana niko tayari kukata vipindi vingi, ila si kile cha kutunza siri za mtu tunayemtetea. Kile sikikati.

Vijana wanaokuja wana moto kweli. Ni bodaboda, wanachuo, mafundi simu wa Mwanjelwa, mabinti wa vikoba. Ibara ya 14 ya Katiba inawaingia mara moja: "Kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria." Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 tunaipitia, kazi za Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora pia, na hayo hayana shida. Shida huanza mtu akirudi kijijini kwake na simu mkononi.

Safari hii tulikuwa Uyole. Kijana mmoja wa Mbarali alisimama akatuonyesha picha ya mtoto wa kike mwenye ualbino. Amevaa sweta la shule, jina la shule linasomeka kifuani, na nyuma yake kuna kibao cha kijiji. Alitaka kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp ili watu wamchangie kofia na mafuta ya kukinga jua. Nia yake ilikuwa njema kabisa.

Tulikuwa tumemwalika mama mmoja mwenye ualbino, muuza mitumba, aje azungumze na vijana. Akaiomba ile simu, akaisogeza karibu na uso hadi ikakaribia kugusa pua, maana macho yake hayaoni mbali. Akaikagua kimya.

"Mwanangu," akasema, "umeonyesha anaposoma na anapokaa. Saa ya kutoka shule kila mtu anaijua. Mama yake umemuuliza?"

"Hapana, mama. Niliongea na mwalimu tu."

Hakuna aliyeongeza neno. Sisi wa nyanda za juu hatuhitaji kusimuliwa imani kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta utajiri zimefanya nini. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli, lakini mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa nyumbani kwao Kagera na kuuawa. Mwaka 2025 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikaamua kuwa Tanzania imekiuka haki za watu wenye ualbino. Katika hali hiyo, picha yenye jina la shule na la kijiji inamfikia mwenye huruma, na inamfikia pia anayewinda.

Baada ya chai yule mama akatufundisha mengine. Mtoto akae dawati la mbele, na mwalimu asome kwa sauti anachoandika ubaoni. Mitihani ya maandishi makubwa ipo, lazima iombwe mapema. Halafu akasema juu ya baridi yetu: watu wanadhani jua la Mbeya halina kazi kwa kuwa Juni tunatetemeka, kumbe huku milimani mionzi ni mikali zaidi, na ngozi isiyo na kinga inaungua hata siku ya mawingu. Mafuta ya kukinga yanatengenezwa hapahapa nchini, hospitali ya KCMC, Moshi. Kijana hana haja ya kumwanika mtoto mtandaoni ili ayapate. Aanze kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Ndivyo tulivyoandika kwenye karatasi za ukutani: kwanza mzazi, kisha mwalimu, mtendaji wa kijiji, ustawi wa jamii. Kukiwa na tishio, polisi saa hiyohiyo, au 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Kwenye daftari la mtetezi jina la mtoto haliandikwi, na daftari halilali kijiweni. Mafunzo yanayoishia kwenye picha ya pamoja na kusaini posho hayafiki huku, na hilo linaniuma, kwa sababu hapa ndipo mtoto analindwa au anaachwa.

Yule kijana aliifuta picha palepale. Akirudi kwao alikwenda kwa mama wa mtoto. Mama hakuomba mchango wowote. Aliomba binti yake aruhusiwe kuvaa kofia mstarini, maana shule inakataza. Wameandika barua pamoja, na inasubiri kikao cha wazazi mwezi ujao. Msaidizi wa kisheria wa kata ameahidi kukaa nao siku hiyo, na mimi nitakwenda.