Nilivyotoa uvimbe wa bandama bila kuitoa bandama yote

Mgonjwa alikuwa kijana wa shule. Uvimbe wa maji ulikuwa umeota sehemu ya juu ya bandama yake, ukakua hadi kulisukuma tumbo la chakula, akawa anashiba kwa vijiko vichache tu. Njia ya mkato ilikuwepo: kufunga ateri na vena kubwa ya bandama, kuitoa nzima pamoja na uvimbe wake, kisha kushona. Nilipomweleza mama yake kwamba nataka kubakiza sehemu ya chini, aliniuliza, “Daktari, si mtu anaishi tu bila bandama?”

“Anaishi, mama. Ila siku akipata homa kali, hana muda wa kusubiri.”

Hilo ndilo ninalowaambia wote. Bandama huchuja damu, na kuna bakteria ambao bila yake mwili huwashughulikia kwa taabu: nimokokasi, meningokokasi, na hemofilasi aina ya b. Hawa wamevaa ganda la sukari linalowafanya wasikamatike kirahisi. Seli za bandama hutengeneza haraka kingamwili za kuwapaka, kisha seli nyingine za humohumo huwameza. Kwa asiye na bandama, ugonjwa unaoanza kama mafua unaweza kuua ndani ya siku moja au mbili. Hautokei mara nyingi, lakini unapotokea, hadi nusu ya wanaoupata hufa, na hatari hiyo haiishi hata miaka ikipita. Malaria nayo huwawia kali zaidi.

Zamani bandama ilitolewa bila kufikiriwa sana. Mwaka 1952 King na Shumacker, madaktari wa Marekani, walieleza habari za watoto 5 waliotolewa bandama wakiwa wachanga, wakapata maambukizi makali, 2 walikufa. Miaka kumi baadaye Campos Christo wa Brazili alitoa taarifa ya wagonjwa 8 aliowakata sehemu tu ya bandama. Inawezekana kwa sababu ateri ya bandama hugawanyika kabla ya kuingia ndani, na kila tawi hulisha sehemu yake.

Kijana alichanjwa dhidi ya bakteria wale watatu zaidi ya wiki 2 kabla ya upasuaji, maana chanjo hushika vizuri zaidi bandama ikiwa bado ipo. Tena nilimwambia mama waziwazi, na ikaandikwa kwenye fomu ya ridhaa, kwamba damu ikinizidi nitaitoa yote.

Tulipofungua, kazi ya kwanza ilikuwa kuilegeza bandama kutoka kwenye kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na figo bila kuivuta, kwa kuwa utando wake huchanika upesi. Kisha nikaingia langoni mwake, pale mishipa inapoingilia. Hapo sifanyi haraka kamwe. Mkia wa kongosho umelala palepale, na ukiujeruhi, maji yake yatavuja tumboni. Nilitenganisha tawi la juu, nikalibana kwa kibanio laini bila kulifunga, nikangoja. Taratibu sehemu ya juu ikaacha wekundu wake wa zambarau, ikaiva weusi, na mstari ukajichora wenyewe katikati. Chini ya mstari rangi haikubadilika. Niligusa vijimishipa vya ncha ya chini, vikawa vinapiga.

Ndipo nikalifunga tawi kwa uzi na kukata, lakini si juu ya mstari. Nilikata kama sentimita 1 ndani ya upande mweusi, kwa sababu nyama iliyokwisha kukosa damu haitiririki ukiikata. Palipochuruzika nikabana kwa shashi, nikashona kwa nyuzi pana zisizokazwa sana, nikafunika jeraha kwa kipande cha utando wa mafuta wa tumboni. Mtaalamu wa usingizi alikuwa ananisomea presha muda wote, nayo haikuyumba. Mwisho nikakishikiza kipande kilichobaki kwenye ukuta wa nyuma kwa nyuzi chache, kisije kikajisokota na kujinyima damu.

Wapo wanaokata bandama vipande vyembamba na kuvipandikiza kwenye utando wa mafuta. Vingi huishi, lakini damu inayovifikia ni ndogo, na mimi sivihesabu kuwa kinga. Kipande chenye ateri yake ndicho ninachokiamini, na hulenga kisipungue robo ya bandama. Kwa majeruhi wa ajali ambaye presha yake imetulia, mara nyingi hata kisu hakihitajiki. Hulazwa, akaangaliwa kwa karibu. Lakini anayemwaga damu na presha inaporomoka, naitoa yote bila kusita, na chanjo tunampa baadaye.

Picha ya ultrasaundi ilionyesha damu ikipita kwenye kipande chetu. Wiki kadhaa baadaye niliomba maabara wachunguze damu yake kwa hadubini, wakitafuta vile vidoa vya Howell-Jolly, mabaki ya kiini ambayo bandama huyaondoa kwenye chembe nyekundu. Havikuonekana, yaani kipande kilikuwa kinafanya kazi. Hata hivyo nilimwandikia kadi ya kutembea nayo: homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kung'atwa na mbwa, aende hospitali siku hiyohiyo na aionyeshe kabla hajakaa foleni.