Kuhama na bunduki zako: Texas mpaka Maryland bila kujiletea kesi

Ukihama Marekani na sofa, TV na sufuria zako hakuna mtu atakusumbua. Ukihama na bunduki kila mpaka wa jimbo unaovuka ni sheria nyingine, na hapo ndio wengi wetu tuliotoka Kenya tunachanganyikiwa, kwa sababu kule nyumbani ukipewa cheti na bodi ya leseni za silaha ni cheti cha nchi nzima, haiwezekani bunduki iwe halali Kisumu halafu ukifika Mombasa nayo unafungwa. Huku inawezekana kabisa. Kitu ulinunua dukani mchana kweupe na risiti ukapewa, ukivuka daraja moja tu wewe ni mhalifu.

Mimi nimekaa upande wa Dallas miaka mingi, na si siri, ukikaa Texas unaanza na bastola moja ya nyumbani, halafu jamaa wa kazini anakupeleka kuwinda njiwa mwezi wa tisa unajikuta unahitaji shotgani, halafu kulungu, halafu basi. Kufikia wakati mama watoto alipata kazi Baltimore, Maryland, nilikuwa na bastola mbili za Glock, shotgani, raifo ya kuwindia na AR-15 moja, ile raifo ya mtindo wa kijeshi.

Kwanza kabla sijafika mbali, wale wenu mko hapa na viza ya masomo au ya kazi ya muda, nyinyi kwa jumla sheria ya federali haiwaruhusu hata kushika bunduki, iwe ni Texas au popote, ukiacha vijipengele kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye grini kadi anaruhusiwa, raia anaruhusiwa. Kwa hivyo ile ya "nibebee kwa gari yako mpaka nifike" kwa mtu wa F-1, yaani viza ya masomo, tafadhali, anahatarisha makaratasi yake yote kwa upuzi.

Sasa sheria. Watu wanapenda kuitaja ile ya federali ya mwaka 1986 ya kulinda wenye bunduki, FOPA, wanasema inakulinda barabarani nchi nzima. Inakulinda ndio lakini isome vizuri bana. Inasema unaweza kusafirisha bunduki kutoka mahali unaruhusiwa kuwa nayo mpaka mahali pengine unaruhusiwa kuwa nayo, haina risasi ndani, na bunduki na risasi zote haziwezi kufikiwa na mtu aliyekaa kwenye gari. Gari yenye buti ya kivyake unaweka kwa buti. Gari kama SUV ambayo nyuma na mbele ni chumba kimoja lazima iwe kwa kasha lenye kufuli, na ile droo ya dashibodi haihesabiwi hata ukiifunga na funguo. Umeona lakini hayo maneno, "mahali pengine unaruhusiwa kuwa nayo"? Yaani kama unakoenda ni marufuku, hiyo sheria haikusaidii kitu hata ufunge kufuli kumi. Na ni ya safari. Kuna msafiri mmoja wa Utah mwaka 2005 alipoteza ndege ya kuunganisha pale uwanja wa ndege wa Newark, New Jersey, akapewa begi lake lenye bastola, akalala nalo hotelini, asubuhi yake akaenda kulicheki tena na kulitangaza vile inatakiwa, akakamatwa. Kesi ya jinai ilifutwa baadaye lakini aliposhtaki, mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema kwa sababu usiku ule alikuwa na uwezo wa kuifikia, ulinzi wa FOPA haukumhusu.

Na huyo alikuwa mpita njia tu. Ile inayoniuma ni ya kijana aliyehama kutoka Colorado kurudi New Jersey. Bastola alinunua Colorado kihalali, polisi walizikuta kwa buti, hazina risasi, zimefungiwa. New Jersey ina kipengele chake kabisa cha mtu anayehamisha vitu kutoka nyumba hadi nyumba, lakini hakimu aliwakataza wazee wa baraza la mahakama (jury) wasikifikirie. Akapigwa miaka 7 mwaka 2010. Gavana Chris Christie ndiye alimpunguzia kifungo ile Disemba akatoka. Sasa fikiria, wewe na lafudhi yako ya Murang'a unaanza kumweleza askari usiku barabarani kuwa unahama.

Ndio maana mimi kazi kubwa niliifanya Texas, kabla hata ya kununua makatoni. Nilikaa na sheria ya Maryland nikapitisha bunduki moja moja. Raifo ya kuwindia na shotgani ya kawaida hazina shida, hata kusajili hakuna. Glock zinaingia lakini zinasajiliwa. AR-15 ndio ilikwama. Tangu tarehe 1 Oktoba 2013 Maryland haikubali uingize zile bunduki wameziita za kivita, na mwezi wa sita 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kusikiliza kesi ya kuipinga hiyo sheria. Cha kuchekesha kuna AR-15 za mtutu mzito ambazo zinapita, sababu ziliachwa nje ya orodha. Yangu mtutu mwembamba. Eti huo unene wa chuma ndio usalama wa raia, haya.

Shemeji yangu wa Houston aliitaka, naye ana grini kadi, kwa hivyo nikamuuzia nikiwa bado mkaazi wa Texas. Hapo muda ni muhimu sana. Wakaazi wawili wa jimbo moja Texas wanaweza kuuziana moja kwa moja kama hujui wala huna sababu ya kushuku kuwa mwenzako amekatazwa silaha, lakini ningeshakuwa mtu wa Maryland hata kumpa zawadi ingebidi ipitie kwa muuzaji mwenye leseni.

Kampuni ya kuhamisha mizigo sikuwapa silaha. Kisheria unaweza, mradi uwaambie kuwa zimo, lakini risasi nyingi wanakataa na mimi sipendi mtu nisiyemjua ajue niko na nini na ninahamia wapi. Nilibeba mwenyewe, makasha yenye kufuli nyuma kabisa, risasi kasha lingine, makatoni ya vyombo juu yake. Arkansas, Tennessee yote mpaka Bristol, halafu ile I-81 ya Virginia isiyoisha.

Wenye vizuia sauti na raifo za mtutu mfupi, nyinyi mna habari zenu. Raifo ya mtutu mfupi huvuki nayo jimbo hadi ATF, ile idara ya federali ya silaha, wakuidhinishie fomu 5320.20, kwa hivyo iombe mapema. Kizuia sauti hakihitaji hiyo fomu, ila hakikisha jimbo unaloenda linakikubali.

Kilichonisumbua kuzoea ni kiuno kitupu, bila bastola. Texas tangu Septemba 2021 unabeba bila kibali chochote, Maryland wanataka kibali chao wenyewe na cha jimbo lingine hawakitambui. Hata kwenda kulenga shabaha bastola inasafiri bila risasi, ndani ya kasha. Glock nilizisajili kwa polisi wa jimbo, una siku 90 tangu uwe mkaazi, wanataka namba za bunduki kwa hivyo ziandike mahali kabla hujafungia kila kitu. Magazini zangu za risasi zaidi ya 10 nimebaki nazo, hawakatazi kuwa nazo, ila kununua nyingine humu ndani haiwezekani. California wangezikataa mpakani, na bunduki zenyewe wanakupa siku 60 za kuripoti. Hawaii ni siku 5, sijui hata unatoa wapi hizo siku 5 na jet lag.